Mitindo ya sasa ya mapambo ya ndani: anza na taa, rangi ifuate

Mleta mada, umeuliza kama ukarabati wa sebule yako ufuate mitindo ya sasa, ukataja vitu vitatu unavyokutana navyo kila ukifungua simu: kochi la mviringo lenye kitambaa cheupe cha vitanzi, mbao za mistari nyuma ya televisheni, na ukuta mmoja wenye rangi tofauti na wenzake. Nimefanya kazi ya rangi na upangaji wa vyumba kwa miaka mingi. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona nikirudi kwenye nyumba za watu zikiwa tayari zimeshakaliwa, watoto wamezoea kuruka juu ya kochi na jua limeshapiga mapazia misimu kadhaa.

Kwa kifupi: ukuta mmoja wa rangi, achana nao. Mbao za mistari zinategemea zimetengenezwaje. Kochi, pima chumba kwanza ndipo upende. Lakini katika hivyo vitatu hakuna hata kimoja ambacho ningeanza nacho. Ningeanza na taa.

Zitazame upya hizo picha unazozipenda. Mara nyingi taa ya katikati ya dari imezimwa. Mwanga unatokea pembeni, unatokea chini, unatokea nyuma ya rafu. Haya ndiyo mabadiliko makubwa ya miaka hii, na watu wengi huyapita mbio wakielekea kwenye rangi na samani. Ule utulivu unaoutamani umeletwa na balbu kabla ya kitu kingine chochote, na bahati nzuri balbu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha.

Kwenye boksi la balbu tafuta namba inayofuatwa na herufi K, yaani kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. 2700 K ni mwanga wa njano ya upole unaokaribia ule wa balbu za zamani za waya. 4000 K ni mweupe wa ofisini. 6500 K ni mweupe unaoelekea kwenye ubluu. Watu hununua 6500 K kwa kuamini ndio unaong'aa zaidi, kisha wanamlaumu fundi kwamba krimu waliyoichagua dukani imekuwa kijivu ukutani. Ukuta hauna mwanga wake wenyewe, unarudisha ule unaoupokea. Sebuleni na chumbani weka 2700 K, isizidi 3000 K. Mahali pa kukatia mboga au pa kushonea, 4000 K inafaa kabisa. Kitu kinachoharibu chumba kuliko vyote ni kuchanganya: balbu mbili za njano na moja nyeupe ndani ya chumba kimoja, na macho hayatulii hata kama mwenye nyumba hajui kwa nini.

Namba ya pili huandikwa CRI au Ra. Hiyo inaonyesha kwa kiasi gani taa inazitendea haki rangi za vitu. Balbu nyingi za kawaida zipo 80. Tafuta 90 na kuendelea. Tofauti utaiona kwenye mbao, kwenye matunda mezani, na hasa kwenye nyuso za watu waliokaa sebuleni. Halafu usinunue kwa wati tena, nunua kwa lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takribani lumeni 800, na LED ya wati 8 au 9 inatoa kiasi hichohicho.

Sebule ya ukubwa wa kawaida ipe vyanzo vitatu vya mwanga au zaidi, vikiwa na kimo tofauti na kila kimoja kina swichi yake. Taa ya kusimama karibu na kiti cha kusomea, taa ya mezani upande wa pili, na kitu kidogo ukutani au nyuma ya rafu. Ukitumia mkanda wa LED, uzame ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Zile nukta nukta za mwanga zikionekana, kazi yote inakuwa ya vibanda vya maonyesho. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha boksi la balbu limeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa, la sivyo itapepesa. Na kama unapenda taa za karatasi zilizojaa kila mahali sasa, nunua bila wasiwasi. Mchongaji Isamu Noguchi alianza kubuni zile zake, Akari, mwaka 1951, kwa karatasi ya Kijapani na mianzi, na bado ni kati ya njia nzuri kabisa za kusambaza mwanga bila kuumiza jicho.

Mteja mmoja aliniita nimpakie upya nyumba nzima kwa sababu aliiona imepoa. Nilimwomba abadilishe balbu zote kwanza, akae nazo, ndipo tuzungumze kuhusu rangi. Mwisho wa yote tulipaka dari na milango tu. Kuta alizokuwa anazichukia alizipenda zilivyo.

Tuje kwenye rangi. Kijivu kilichotawala muda mrefu kimerudi nyuma, na zimeingia rangi za udongo: kahawia, hudhurungi, haradali iliyofifia, kijani cha zeituni, rangi ya chungu kilichochomwa. Hata damu ya mzee imerudi kwenye vyumba vya kulia chakula. Nimefurahi sana na nasema wazi, maana rangi hizi zinapatana na mbao, zinapatana na ngozi ya mtu, zinapendeza zaidi jioni kuliko mchana. Lakini usikimbizane na rangi ya mwaka. Pantone, kampuni ya Marekani iliyoanza utaratibu wa kutangaza rangi ya mwaka kwa mwaka 2000, kwa 2025 ilichagua kahawia iliyopewa jina Mocha Mousse. Kwa 2026 ikachagua nyeupe, Cloud Dancer. Foronya za mito zinaweza kufuata mwendo wa namna hiyo. Ukuta hauwezi.

Kuhusu ukuta mmoja wa rangi. Ulipendwa kwa sababu ulikuwa njia rahisi ya kuthubutu, na naielewa hamu hiyo. Shida ni kwamba jicho linafika pale na kugota, na zile kuta tatu nyingine zinaonekana kama kazi iliyoachwa njiani. Kilichochukua nafasi yake ni kuzamisha chumba kizima ndani ya rangi moja: kuta, ubao wa chini ya ukuta, fremu, milango, mara nyingine na dari. Watu wanaogopa kwamba chumba kidogo kitabana. Ninachokiona ni kinyume. Ukiwa na ukuta wa rangi nzito na dari nyeupe, umechora mstari pale pale dari inapoanza, na kila anayeingia anaona ilivyo chini. Rangi moja ikipita juu, mstari unapotea. Inapendeza zaidi kwenye vyumba vyenye kona nyingi, boriti zilizojitokeza na milango mitatu mitatu, vile vyumba ambavyo kila mtu anasema ni vigumu. Tumia rangi ileile kwa mng'ao tofauti: isiyong'aa kwenye kuta, yenye mng'ao kidogo kwenye mbao na milango ili iweze kufutwa.

Hapa rangi na taa zinakutana, na ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukishahamishia mwanga pembeni, kila wimbi la plasta litajitokeza, kwa sababu mwanga unaoparaza ukuta unatengeneza kivuli kwenye kila kibonde. Mwambie fundi apige msasa huku ameweka taa kali ubavuni mwa ukuta, si ile ya juu. Akikwambia si lazima, tafuta mwingine. Rangi isiyong'aa itakusamehe kidogo, ya kung'aa itakuanika.

Kujaribu rangi usipake kiraka ukutani, maana rangi ya zamani inayokizunguka itakudanganya. Paka kadibodi kubwa mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, iache ikauke kabisa, kisha ihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, mchana, na usiku chini ya balbu zako mpya. Chumba ambacho dirisha lake halipati jua la moja kwa moja hupokea mwanga wenye ubluu, kwa hiyo nyeupe tupu humo huonekana baridi. Chagua yenye njano au wekundu kidogo ndani yake. Kwenye kadi za rangi za kampuni nyingi kuna pia namba ya kati ya 0 na 100 inayoonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani. Ikishuka chini ya 20, jiandae kuongeza taa.

Chokaa nayo imerudi kwa kishindo, ile ya kupaka kwa brashi pana ukuta ukabaki na mawingu mawingu. Naipenda kuliko rangi yoyote ya kopo, na ni ya kale. Inakauka kwa kunyonya hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, yaani kalisi kaboneti, ndiyo maana inashikana na ukuta badala ya kukaa juu yake kama ngozi. Lakini inataka ukuta unaonyonya. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya plastiki utaikataa mpaka uwekewe praima maalumu ya chembechembe, yaani rangi ya kutangulia inayoipa chokaa mahali pa kushika, na hiyo ni lazima, hakuna njia ya mkato. Paka nyembamba mikono miwili au mitatu, usiogope ikionekana nzito na ya giza ikiwa mbichi kwa kuwa inafifia sana ikikauka. Vaa glavu na miwani, chokaa mbichi inachoma na jicho halina akiba. Na usiipake nyuma ya sinki wala kwenye korido ambako watoto wanapitisha mikono, kwa sababu haifutiki kwa kitambaa chenye maji bila kuacha alama.

Kochi lako la mviringo. Umbo hilo linaitwa la kisasa lakini lina umri wa babu zetu. Vladimir Kagan alikuwa akibuni makochi ya kupinda tangu miaka ya 1950. Hata yale ya mafungu yaliyojaa mitandaoni si mageni: kochi liitwalo Camaleonda, la mbunifu Mario Bellini, ni la 1970 na lilirudishwa sokoni 2020, na lile liitwalo Togo, la Michel Ducaroy, ni la 1973. Naona hili ni jambo la faraja. Umbo lililorudi baada ya miaka hamsini halitachekwa mwaka kesho.

Tatizo lake ni nafasi. Kochi la kupinda halikai ukutani, linataka kusimama katikati ya chumba, na nyuma yake panabaki pembetatu ambayo haina kazi. Chora umbo lake sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, kisha ishi nalo. Pita na sinia. Fungua mlango. Njia ya kupita watu isiwe chini ya sentimita 75, na ile inayotumika sana ifike 90. Kati ya kochi na meza ya katikati acha sentimita 40 hadi 45. Kama ukimaliza kuchora unapita upande upande, chukua kochi la mstari lenye kona za mviringo tu, utapata ule ulaini unaoutaka bila kupoteza sakafu.

Pia kaa juu yake kabla ya kununua, na umkalishe mtu mzima kuliko wote nyumbani. Makochi ya sasa ni ya chini na yenye kina kirefu. Kijana anajilaza, bibi anakaa na hawezi kuinuka. Kikalio cha sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni kinamfaa kila mtu. Sebule ambayo mzee hawezi kunyanyuka bila kuvutwa mkono haijapangwa vizuri, hata iwe imepambwa namna gani.

Kitambaa chake, bukle, kile cha vitanzi vidogo vidogo, kinapendeza mkono ukikigusa, na ndio moyo wa mtindo wa sasa: vitu vitamanike kuguswa. Lakini vitanzi ni ndoano. Kucha za paka, zipu ya suruali, bangili, vyote vinavuta uzi. Muulize muuzaji kipimo cha Martindale cha kitambaa hicho, ambacho huhesabu kitambaa kimesuguliwa mara ngapi kabla ya kuchakaa. Kwa familia usishuke chini ya 20,000. Na uliza kama kifuniko kinavuliwa na kufuliwa. Kama hakivuliwi na kina rangi nyeupe, weka bukle kwenye kiti kimoja cha pembeni, kochi kubwa lifunike kwa kitani kizito, sufu au koduroi.

Mbao za mistari. Zipo za namna mbili na kwenye picha hazitofautiani. Moja ni vipande vya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, vilivyofunikwa utando mwembamba wa mbao, vimegandishwa juu ya blanketi gumu la nyuzi. Hiyo inanyonya sauti, hasa sauti za kati na za juu, na inanyonya zaidi ukiacha uwazi au ukijaza pamba ya madini nyuma yake. Nyingine ni plastiki au MDF tupu, pambo peke yake, na chumba kitaendelea kuvuma. Kama sebule yako ina vigae sakafuni, dirisha kubwa na kuta ngumu, mwangwi ndio unaokuchosha bila wewe kujua, basi chukua ya kwanza. Ifunge kwa skrubu, usiigandishe kwa gundi, ili siku ukiichoka ukuta usibomoke. Usiweke ukuta mzima. Upana unaozidi televisheni kidogo kila upande unatosha, na vumbi la kwenye mifereji utalifuta wewe. Bado nakwambia zulia kubwa na mapazia mazito vinatuliza mwangwi zaidi kuliko mbao hizo. Zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya viti vyote kukanyaga juu yake, mara nyingi sentimita 200 kwa 300. Pazia litundikwe sentimita 10 au 15 juu ya dirisha, fimbo ipite kila upande ili kitambaa kikifunguliwa kisizibe kioo, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa fimbo au zaidi.

Ukarabati ukifika jikoni, kuna jambo moja naomba ulisome kwa makini. Kaunta za kwatzi ya kiwandani, chembe za jiwe zilizoshikizwa kwa resini, aina ya gundi ngumu, zimependwa sana kwa sababu hazidoi kama marumaru asilia, ambayo tone la limau au siki linaila na kuacha doa lisilong'aa. Ila kwatzi hiyo inaweza kuwa na silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, zaidi ya asilimia 90. Ikikatwa kavu, vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya fundi na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo, vijana wenye nguvu walikuwa wakiugua. Kaunta ikishawekwa haimdhuru mwenye nyumba. Anayeumia ni aliyeikata. Kwa hiyo chagua mbao ngumu, jiwe la asili lenye silika kidogo au bamba la kaure, na jiwe lolote utakalochagua, usikubali likatwe kavu mlangoni kwako. Likatwe kwa maji, fundi akiwa na barakoa ya kuchuja vumbi. Gharimia hiyo barakoa wewe kama hana.

Mimea: weka, inaleta uhai chumbani. Usiinunue kwa kuamini inasafisha hewa. Imani hiyo ilitokana na jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la 1989 lililofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2019 yalionyesha ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba kufikia kazi ya kawaida ya hewa inayoingia na kutoka. Fungua dirisha.

Hukusema kama nyumba ni yako au umepanga, na hilo linabadilisha mpangilio wa kazi. Kama ni yako, waya za taa za ukutani zipite kabla ya plasta na rangi, kwa sababu kuchimba ukuta uliopakwa chokaa ni kuanza upya. Kisha rangi, mapazia, zulia, na kochi liwe la mwisho. Kama umepanga, ruka chokaa na mbao, weka fedha kwenye balbu, taa za kusimama, zulia na pazia, maana hivyo vyote unaondoka navyo, na balbu za mwenye nyumba zitunze kwenye boksi uzirudishe siku ya kuhama. Tupe vipimo vya chumba na upande lilipo dirisha, nitakuambia kama hilo kochi litaingia.